Somo la Afya: Dawa ya Maumivu ya Viungo na Usalama wa Wazee Wetu



Somo la robo hii ni juu ya magoti, viuno na vidole vinavyouma, na hasa juu ya kidonge kinachomezwa ili maumivu hayo yatulie. Huenda baadhi yenu mkaona ni jambo dogo likilinganishwa na malaria, kifua kikuu au UKIMWI. Lakini wenzetu wanaotembelea wazee katika Tandale, Kigogo, Hananasif, Mwananyamala na Kawe wanatuambia kuwa ni nadra kuingia nyumba ya mzee bila kusikia habari ya viungo. Na chini ya mto, au ndani ya kopo tupu la maziwa juu ya kabati, hawakosi kukuta vidonge vya maumivu, vingine havina hata jina.

Tumechagua somo hili pia kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Tunaanza na hilo.

KISA CHA BIBI

Katika moja ya jumuiya zetu za Tandale yuko mama mzee, mwuza vitumbua, mwenye umri wa miaka sabini na kitu. Hapa tutamwita Bibi tu, naye ameturuhusu kusimulia habari zake ili wengine wajifunze. Magoti yalimsumbua kwa miaka. Hatimaye alikwenda hospitali, daktari akampima, akamwandikia diklofenaki ya miligramu 50, kidonge kimoja mara mbili kwa siku, baada ya chakula, kwa siku saba. Akaambiwa arudi.

Dawa ilimsaidia mno. Mwenzetu alipomtembelea na kumwamkia, "Shikamoo Bibi, magoti yanaendeleaje?", alijibiwa kwa furaha: "Marahaba mwanangu. Nikimeza kidonge nafika mpaka sokoni. Nisipomeza, hata chooni sifiki."

Hakurudi kwa daktari. Vidonge vilipokwisha alimtuma mjukuu dukani na boksi tupu: "Mwambie akupe kama hii." Boksi likaenda na kurudi kwa miezi mingi. Binti yake, kwa upendo, akamletea Brufen aongezee usiku. Jirani akamshauri achome sindano siku ambazo maumivu yamezidi. Wakati huo huo Bibi alikuwa akimeza dawa za presha. Miguu ilipoanza kuvimba, yeye na sisi tulidhani ni ugonjwa ule ule wa viungo.

Asubuhi moja, akielekea misa ya kwanza, alianguka njiani. Hospitali walikuta damu imepungua sana mwilini. Kwa siku nne choo chake kilikuwa cheusi kama lami, naye alinyamaza kwa kuona haya kumwambia mtu. Kidonda tumboni kilikuwa kinavuja damu. Vijana wa jumuiya walijitolea damu, akaongezewa, na kwa neema ya Mungu akapona.

Tuliporudi ofisini tulifungua daftari la mfuko wetu wa wahitaji. Tulikuta mara mbili pameandikwa: "Dawa ya miguu, Bibi." Maana yake ni kwamba sisi wenyewe, kwa fedha za waumini na wahisani, tulilipia baadhi ya vidonge hivyo. Daktari aliandika dawa inayofaa kwa siku saba. Binti alimpenda mama yake. Sisi tulitaka kumsaidia mzee. Hata hivyo hakuna kati yetu aliyeuliza: Je, Bibi ameimeza kwa muda gani, pamoja na nini, na nani anampima?

Ndiyo sababu ya somo hili. Hatuwafundishi watu kuikimbia dawa, kwa maana maumivu ya viungo humfunga mtu ndani, humkosesha riziki na usingizi. Tunataka itumike kama ilivyoandikwa, na anayeimeza aangaliwe.

VIUNGO HUUMA KWA SABABU MBALIMBALI

Kwetu watu huita karibu kila maumivu ya viungo baridi yabisi. Kwa kweli magonjwa ni mengi, na dawa zake si moja.

Lililo kubwa kwa wazee ni kulika kwa gegedu, yaani ule mto laini unaokaa kati ya mifupa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa huu, wengi wao wanawake na watu waliovuka miaka 55. Goti ndilo linaloongoza. Mama aliyechota maji kwa ndoo kichwani miaka arobaini, akakuna nazi akiwa amekunja magoti juu ya mbuzi, hahitaji kuelezwa sana.

La pili ni baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo. Vidole huvimba pande zote mbili na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu. Huyu anahitaji dawa maalumu mapema, kwa sababu kutuliza maumivu peke yake hakuzuii viungo kuharibika. La tatu ni jongo, ambalo mara nyingi huanza ghafla usiku kwenye kidole gumba cha mguu. Tena kuna kiungo kilichoingiwa na vijidudu: kimoja, chekundu, cha moto, pamoja na homa. Hicho ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kupimwa. Anayenunua kidonge bila kupimwa anaweza kutuliza maumivu ya ugonjwa asioujua.

DAWA HII HUFANYA NINI MWILINI?

Diklofenaki, ibuprofeni (wengi huiita Brufen), indomethasini, piroksikamu na meloksikamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote hupunguza uvimbe na maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwingereza John Vane alieleza siri hiyo mwaka 1971, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili, Bergström na Samuelsson.

Tatizo ni kwamba kemikali hizo hazipo kwenye goti tu. Tumboni hulinda utando unaozuia tindikali isiuchome. Kwenye figo husaidia damu ipite vizuri, hasa kwa mzee au mtu aliyepungukiwa maji. Kidonge hakijui kuchagua. Kinapozima moto wa goti, kinaondoa pia mlinzi wa tumbo na msaidizi wa figo. Mwili hubakiza chumvi na maji, presha hupanda na miguu huvimba. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bibi.

Hapa tusahihishe mawazo matatu tunayoyasikia mara kwa mara.

Wazo la kwanza: "Nikila kwanza, tumbo haliwezi kudhurika." Chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia, hivyo ni vizuri kula kwanza. Lakini dawa hudhuru tumbo pia kwa kupitia damu, kwa hiyo kula hakuondoi hatari ya kidonda.

Wazo la pili: "Sindano haipiti tumboni, kwa hiyo ni salama." Sindano nayo huingia kwenye damu, na damu hufika tumboni. Anayechoma sindano na kumeza vidonge siku hiyo hiyo amejiongezea dozi.

Wazo la tatu: "Kama kungekuwa na kidonda ningesikia maumivu." Si lazima. Dawa hii hutuliza maumivu, hivyo kidonda kinaweza kuvuja damu kimya kimya.

MOYO NA PRESHA

Kuna habari moja ya dunia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya viungo iitwayo Vioxx, ya kampuni ya Merck, iliyosifiwa kuwa haiumizi sana tumbo. Mamilioni ya watu waliitumia. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni yenyewe iliiondoa sokoni duniani kote, baada ya utafiti kuonyesha kuwa waliotumia kwa zaidi ya miezi 18 walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Baadaye ilionekana kuwa diklofenaki nayo ina hatari inayofanana na hiyo, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba asipewe mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, au aliyewahi kupata kiharusi.

Jambo hili linatuhusu sana hapa Dar es Salaam. Utafiti uliofanyika Ilala na wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2000, uliona kwamba takriban watu wazima watatu kati ya kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kati yao hata mmoja katika watano hakufikia kujua kuwa anayo. Kwa maneno mengine, mzee anayesema "mimi sina presha" mara nyingi anamaanisha "sijapimwa".

WANAOPASWA KUSEMA KABLA YA KUANDIKIWA

Daktari hawezi kujua yote asipoambiwa. Mgonjwa, au anayemsindikiza, aseme mapema kama:

- amewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kutapika damu au choo cheusi;
- ana presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, figo au ini, au amewahi kupata kiharusi;
- ana pumu, au amewahi kubanwa kifua au kuvimba uso baada ya kumeza aspirini au Brufen;
- ni mjamzito;
- anatumia dawa nyingine yoyote, hata ya kienyeji.

Juu ya hilo la mwisho tutoe mifano. Mtu anayemeza enalapril, kaptopril au losartan pamoja na dawa ya kukojosha, kisha akaongeza diklofenaki, figo zake hubanwa kwa pande tatu. Anayemeza aspirini ndogo ya moyo, warfarin ya kuzuia damu kuganda, au prednisoloni, hatari yake ya kutoka damu huongezeka. Na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofovir amwambie daktari bila woga, kwa kuwa tenofovir nayo huhitaji figo ziangaliwe. Mwenzetu anayemsindikiza mgonjwa atoke nje ya chumba cha daktari iwapo mgonjwa anataka kusema jambo lake peke yake.

Katika hali hizo daktari anaweza kubadili dawa, kupunguza dozi, kupima presha na figo, au kuongeza omeprazoli ya kulinda tumbo. Wazee wengi wanastahili kinga hiyo, basi ulizeni.

Dawa za kienyeji nazo zitajwe. Wadhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta "dawa ya asili ya viungo" iliyochanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni. Unga unaotuliza goti ndani ya saa moja, na hauna jina la mtengenezaji, unastahili kutiliwa shaka.

MAJINA MENGI, DAWA MOJA

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Boksi moja limeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo chini yake. Mzee akiwa na maboksi matatu ya rangi tatu, anaweza kuwa na diklofenaki mara tatu.

Tuchukue vidonge ambavyo watu huviita diklopa. Ndani yake kuna diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500. Mtu akimeza vitatu kwa siku, amekwisha kufikia miligramu 150 za diklofenaki, ambacho ndicho kipimo cha juu cha siku kwa mtu mzima. Kwa mzee daktari mara nyingi huandika pungufu. Wakati huo huo amemeza miligramu 1,500 za parasetamoli. Akiongeza Panadol mbili mara nne, yaani miligramu 4,000, amepita kipimo cha parasetamoli, na ini lake liko hatarini. Hakuna nia mbaya hapo, ila hakuna aliyejumlisha.

Kanuni ni hii: dawa mbili za ukoo wa diklofenaki na Brufen hazimezwi pamoja. Parasetamoli peke yake si ya ukoo huo, nayo inaweza kutumika pamoja nazo iwapo daktari amesema, mradi hesabu isipite.

NAMNA YA KUMEZA

1. Soma bahasha ya dawa. Maandishi "1×2" maana yake kidonge kimoja kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. "1×3" ni kila baada ya saa 8. Asiyejua kusoma achorewe jua na mwezi.

2. Kula kwanza, hata kama ni uji na kipande cha muhogo. Meza kwa glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo.

3. Kidonge kilichotengenezwa kuyeyuka polepole kisivunjwe wala kusagwa.

4. Ukisahau, usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Subiri saa inayofuata.

5. Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache zinazotosha. Siku zilizoandikwa zikiisha, rudi ukaonwe. Boksi tupu si cheti cha daktari.

6. Ukiharisha, ukitapika au ukiwa na homa kali, simamisha kidonge hiki na uone mhudumu wa afya, kwani mwili uliokauka maji huumiza figo haraka.

7. Wakati wa mfungo, iwe Kwaresima au Ramadhani kwa majirani zetu Waislamu, ongea na daktari kabla. Kumeza dawa hii tumbo likiwa tupu na mwili ukiwa na kiu si jambo la kujaribu.

8. Usinywe pombe pamoja nayo.

9. Usimpe jirani dawa yako, hata kama magoti yenu yanafanana.

Nunueni kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa. Utaratibu wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake hupewa mafunzo, basi waulizeni maswali. Kataeni vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa ikileta madhara, toeni taarifa kituoni ili ifikishwe TMDA, mamlaka ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Ikitokea mojawapo ya dalili hizi, mgonjwa aache dawa ya maumivu na apelekwe hospitali mara moja, hata usiku:

- choo cheusi kama lami, au chenye damu;
- kutapika damu, au matapishi yanayofanana na masalia ya kahawa;
- maumivu makali ya tumbo yasiyokoma;
- kifua kubana, kupumua kwa shida, mkono au upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito;
- miguu na uso kuvimba, au mkojo kupungua sana;
- macho kuwa ya manjano;
- vipele vya ghafla, ngozi kubabuka, midomo kuvimba.

Angalizo: hapa tunazungumzia dawa ya maumivu tu. Dawa za presha, prednisoloni au aspirini ya moyo zisikatishwe kwa uamuzi wa nyumbani. Zibebwe zote kwenye mfuko, daktari aamue.

Wazee wetu huona haya kuzungumzia choo. Mtembeleaji aulize kwa heshima, faraghani, ikiwezekana mwanamke kwa mwanamke: "Bibi, samahani, choo kinapatikana vizuri? Rangi yake ikoje?" Swali hilo moja lingempunguzia Bibi wetu siku nne za kuvuja damu.

KUPUNGUZA HAJA YA KIDONGE

Kwa goti lililolika, kidonge hakirudishi gegedu. Kinampa mtu nafuu ili aweze kusogea, na kusogea huko ndiko kunakomsaidia zaidi.

Zoezi jepesi ni hili: keti kwenye kiti, nyoosha goti moja mpaka mguu uwe sawa, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupumzika. Kutembea kidogo kila siku ni bora kuliko kukaa kitako wiki nzima.

Kwa mwenye uzito mkubwa, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja aliyopungua mtu ilipunguza mzigo wa kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Hata kilo tatu nne zina faida.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili wa goti linaloumwa. Wengi huushika upande ule ule, na hapo hausaidii sana. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa hulegeza kiungo kilichokakamaa. Dawa ya kupaka ya diklofenaki huingia kwenye damu kidogo tu kuliko kidonge, nayo inafaa kwa magoti na vidole. Muulizeni daktari kama inatosha.

Tuangalie pia vitu vya nyumbani. Mzee akikaangia vitumbua juu ya kigoda kifupi, goti hukunjwa kutwa nzima. Jiko likiinuliwa kwa matofali na kigoda kikibadilishwa na kiti, kazi ni ile ile bila adha. Choo cha shimo ni mtihani mkubwa zaidi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati na kukiweka juu ya tundu. Na kanisani, tunaomba wazee waambiwe wazi kuwa wanaweza kuketi wakati wengine wanapiga magoti. Wengine huumia kwa kuogopa kuonekana hawana adabu.

KAMATI NA WAHISANI TUFANYE NINI?

Baada ya kisa cha Bibi tulikubaliana mambo manne, nasi tunayapendekeza kwa kila parokia.

Kwanza, mfuko wa wahitaji usilipie tena dawa ya maumivu kwa boksi tupu. Ulipie kwa cheti cha karibuni, na kwa siku zilizoandikwa. Ikiwa mzee hana cheti, fedha ile ile imlipie nauli na msindikizaji mpaka zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Mwananyamala. Ulizeni huko dirisha la wazee na afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilizungumzia msamaha wa malipo kwa wazee wasio na uwezo. Mzee asibaki nyumbani kwa kudhani hana haki.

Pili, kila mtembeleaji aulize maswali sita: Nani aliandika dawa hii, na lini? Ni kwa siku ngapi? Unameza dawa gani nyingine? Tuzilete zote mezani tuzione. Presha ilipimwa lini? Umewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Choo na mkojo vikoje? Majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari lifuatane na mgonjwa hospitalini.

Tatu, kila kanda iwe na kipima presha, na mtu aliyefundishwa na mhudumu wa afya kukitumia. Mtembeleaji hatibu wala habadilishi dozi. Hupima, huandika na hupeleka.

Nne, ndugu wahisani, tunaomba mtuelewe tunapoleta hesabu zenye vidonge vichache na nauli nyingi, mikongojo, viti vya choo na kipima presha. Tulikuwa tukijivunia kuonyesha idadi ya dawa tulizonunua. Sasa tunaona ni afadhali tuonyeshe idadi ya wazee waliopimwa na kurudi kwa daktari.

Bibi mwenyewe yuko. Bado anauza vitumbua, sasa akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, mkongojo ukiwa pembeni. Anatumia dawa ya kupaka, na parasetamoli siku za baridi, na presha yake hupimwa. Magoti hayajapona, naye hasemi yamepona. Lakini mjukuu hatumwi tena dukani na boksi tupu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee wangapi wanaomeza dawa ya maumivu kila siku? Nani anajua waliandikiwa lini?

2. Tufungue daftari la mfuko wetu. Mwaka uliopita tulilipia dawa gani bila kuona cheti?

3. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mzee hospitali siku ya kazi, na nauli itatoka wapi?

4. Ni seremala gani wa mtaa wetu anaweza kutengeneza kiti cha choo, na tuanze na nyumba ipi?

Majibu yenu tuleteeni kabla ya toleo lijalo, ili parokia nyingine zijifunze kutoka kwenu.